"Mama, ninyoe tu"

Binti yangu alishuka kwenye gari la kutoka Lindi mjini katikati ya Desemba akiwa amekumbatia begi jipya la shule. Kichwani alikuwa na rasta zile zile ambazo mdogo wangu alimpeleka akasukwe mwanzoni mwa Oktoba. Nilihesabu kwa vidole pale pale stendi: wiki 11.

Wazazi wenzangu mnajua rasta za wiki 11 zinavyokuwa. Kwenye shina la kila msuko nywele zake mwenyewe zilikuwa zimeota, zimejisokota na kushikana na za jirani. Kila shina lilikuwa na kapete kadogo ka kijivu, mchanganyiko wa vumbi, mafuta ya nywele na nyuzi za shuka. Nyuma, pale kisogo kinapolalia mto, misuko minne ilikuwa imeungana ikawa mmoja.

Simlaumu mdogo wangu. Yeye anauza chakula, anaamka saa kumi alfajiri, na alidhani mimi nitakuja kumchukua mtoto mapema nimfumue mwenyewe. Mimi nilikuwa kwenye korosho. Ninyi wa mijini mnaziona zimekaangwa kwenye kopo, lakini huku kwetu Nambilanje, wilaya ya Ruangwa, msimu wa korosho haumwachii mtu nafasi ya kujikuna. Ni kuokota, kuanika, kuchambua, kupeleka ghalani kwenye chama cha msingi, kisha kusubiri mnada wa RUNALI na kila jioni kuulizana bei. Mama yangu, ninayeishi naye, miguu haimruhusu kumkimbiza mtoto wa miaka sita. Ndiyo maana binti yangu alienda kukaa kwa mama yake mdogo.

Usiku ule nilimwambia, "Kesho tutafumua."

Akanitazama, akasema taratibu kama mtu mzima anayetoa ushauri, "Mama, ninyoe tu. Si nitanyolewa shule ikifunguliwa?"

Hesabu yake ilikuwa sahihi. Januari alikuwa anaanza Darasa la Kwanza, na shule nyingi za serikali zinataka watoto wote, wa kike kwa wa kiume, wawe na nywele fupi. Zilibaki wiki tatu. Mama yangu alisema mtoto ana akili kunizidi. Baba yake, niliyempigia simu, alisema mwaka huu maji tunanunua ndoo kwa ndoo, ya nini kuyamwaga kwenye nywele za kutupa. Jirani yangu hakusema kitu, alileta wembe.

Ningekubali. Nilikuwa nimechoka, na mikono yangu bado ilikuwa na madoa ya utomvu wa mabibo. Ila kuna kitu kwenye sauti ya mtoto kilinifanya niulize, "Kwani unataka kunyolewa?"

"Hapana."

"Sasa?"

"Kitana kinauma."

Nikarudi nyuma zaidi ya miaka 25. Nilijiona nimekaa chini kwenye mkeka, kichwa kimebanwa katikati ya magoti ya mama yangu, na kitana cha mti chenye meno membamba kinaingia kwenye nywele kavu kuanzia shinani. Kilikuwa kinalia, krr, krr, na mimi nalia nacho. Nikijivuta, napigwa nacho begani. "Vumilia. Wewe si mtoto wa kike?" Kila Jumapili jioni. Mama hakuwa mkatili, ndivyo naye alivyochanwa.

Nilipofika miaka 17 na kupata pesa yangu ya kwanza ya ufuta, sikununua nguo. Nilienda saluni moja kuwekwa dawa ya kulainisha nywele. Watu walidhani nataka urembo. Nilichotaka ni kitana kipite bila maumivu. Dawa iliniunguza nyuma ya sikio, nikanyamaza, maana nilishafundishwa kuvumilia. Nikaendelea kuweka kila baada ya miezi miwili, huku nikisuka misuko midogo iliyovutwa sana mbele. Leo nywele za pembeni, kuanzia kwenye panda hadi karibu na sikio, hazipo tena na haziendi kurudi. Nafunga ushungi umeshuka mbele. Wengine wanasema mama huyu ana heshima sana. Ni kweli ninayo, lakini pia nina upara.

Kwa hiyo nikaamua. Mtoto wangu atanyolewa Januari kwa sababu ya shule. Hatanyolewa Desemba kwa sababu ya kitana. Sikutaka aanze maisha akiamini kwamba kinachoota kichwani mwake ni adhabu, na kwamba dawa yake ni wembe leo na kemikali kesho.

Wembe nikaurudisha kwa jirani na shukrani.

Niliyoyafanya siku mbili zilizofuata sikuyabuni. Mengi nilifundishwa na mama mmoja msusi wa Nachingwea, nilipomfuata miaka kadhaa iliyopita nikidhani ana dawa ya kurudisha nywele zangu za pembeni. Hakuwa nayo, na hakunidanganya. Alisema pakishakuwa laini na kung'aa hivyo mizizi imekufa, akaniomba nisitupe pesa. Kisha akanikalisha nimtazame akifanya kazi mchana mzima. Nilijifunza zaidi mchana ule kuliko katika miaka yote niliyokaa kwenye viti vya saluni.

Jambo la kwanza alilonionyesha ndilo wengi tunalikosea: usiloweshe kichwa mara tu unapomaliza kufumua. Sisi tunafumua kwa haraka, kichwa kinawasha, tunamvutia mtoto kwenye beseni tunamwagia maji na sabuni. Hapo ndipo tunapoharibu. Lile kapete la vumbi kwenye shina, pamoja na nywele zilizokwisha kutoka na kubaki zimenaswa ndani ya msuko, likilowa linajikaza kama sufi. Ukija kulichana, unang'oa nzima pamoja na mbovu.

Kwa hiyo siku ya kwanza hatukugusa maji. Tulikaa chini ya mwembe. Kabla ya kuanza niliweka mkataba na binti yangu: ukiumia, nyanyua mkono, nami nitaacha hapo hapo. Siyo "nitamalizia kidogo". Nitaacha.

Alinyanyua mkono kabla sijagusa hata msuko mmoja. Nikaweka mikono yangu chini.

"Inauma?"

"Hapana. Najaribu tu."

Alijaribu mara tatu. Mara ya tatu nilikaribia kukasirika, maana jua lilikuwa linapanda, lakini nilijua hiyo nayo ni sehemu ya kazi. Baada ya hapo hakunyanyua tena kwa muda mrefu, akaanza kunisimulia habari za bahari na paka wa mama yake mdogo.

Kufumua kwenyewe kuna hatari yake. Ukikata rasta kwa mkasi ili uwahi, papasa kwanza ujue nywele za mtoto zinaishia wapi, kisha kata chini zaidi ya hapo, vidole viwili au vitatu. Nimeshaona mtoto amekatwa nusu ya nywele zake na shangazi aliyekuwa na haraka ya kwenda harusini. Mimi nilikata chini kabisa, nikafumua kwa mkono. Nikifika kwenye kapete natia tone la mafuta ya nazi, nalifikicha kwa ncha za vidole mpaka linalegea, kisha nalivuta taratibu kuelekea nje, kwenye ncha. Mafuta yoyote mepesi yanafaa. Ya nazi nayapenda kwa sababu yana sifa ya kupenya ndani ya unywele, hayabaki juu tu.

Kufika adhuhuri kwenye mkeka kulikuwa na rundo la nywele la kujaza kiganja. Mama yangu alikuwa anatutazama kutoka barazani. "Si nilikwambia? Unammaliza mtoto."

Nami moyo uliniruka, hata kama nilikuwa najua. Kumbukeni kwamba mtu mzima kwa kawaida hupoteza kati ya nywele 50 na 100 kwa siku bila hata kuona. Mtoto naye hupoteza zake. Zikiwa zimesukwa haziwezi kuanguka, zinakaa humo humo zinasubiri. Siku 77 za kusubiri ndizo zilizokuwa kwenye mkeka. Nilichukua chache nikampelekea mama azishike karibu na macho. Unywele uliotoka wenyewe unakuwa mrefu, na upande mmoja una kichwa kidogo cheupe kama punje ya mchanga. Huo ulikuwa umemaliza muda wake. Uliokatika unakuwa kipande kifupi, hauna kile cheupe upande wowote. Katika rundo lile vipande vifupi vilikuwepo, lakini vichache.

Mama alizigeuzageuza. "Za kwako hazikuwa na vichwa," akasema. Akanyamaza. Nami sikuongeza kitu.

Tulibakiza fundo moja, lile la kisogoni. Nilimfunga kitambaa akaenda kucheza.

Siku ya pili ndiyo ilikuwa ya maji, na kwa bahati mvua ya usiku ilikuwa imejaza ndoo mbili na sufuria moja kutoka kwenye bati. Baba yake akakosa la kusema.

Hapa niseme kidogo kwa nini nywele zetu zinakatika, kwa sababu ukishajua sababu huhitaji kukariri hatua. Unywele wetu hauko duara kama uzi wa mshipi, umebanwa kidogo, na unajizungusha kama springi. Kila mahali unapojikunja pana udhaifu. Mafuta yanayotoka kwenye ngozi ya kichwa yanashindwa kuteremka kwenye mizunguko yote ile, ndiyo maana ncha zetu huwa kavu hata kama kichwani kunang'aa. Nje ya unywele kuna magamba madogo yamepangana kama ya samaki. Yakiwa makavu na yamechakaa, unywele mmoja unamkwaruza mwenzake, wanashikana, fundo linazaliwa. Ukichana mkavu, unavunja. Ukichana uliolowa maji matupu nako ni hatari, maana unywele uliolowa umevimba, unavutika kama mpira, na ukiuvuta kupita kiasi unakatika. Kinachookoa ni utelezi. Kondishena inalainisha magamba yale ili nywele ziteleze, zipishane. Basi.

Wapo wanaotengeneza ya nyumbani, nami nimezijaribu nyingi. Tui la nazi ni zuri likichujwa mara mbili kwa kitambaa. Parachichi ni zuri pia, lakini usilisage kwa kijiko ukaridhika. Nilishawahi kutembea siku tatu na chembe za kijani kichwani kama mtu aliyelala kwenye zizi la mbuzi. Kuhusu yai, jirani yangu yule wa wembe alinishauri mwaka juzi nipake mayai mawili. Nikapaka, nikakaa, kisha nikasuuza kwa maji ya moto. Mnajua yai likikutana na maji ya moto linakuwa nini. Nilinuka kimanda hadi Ijumaa.

Kwa mtoto nilinunua kondishena ya kawaida dukani Ruangwa mjini, chupa ya bei ya chini yenye maelezo yanayosomeka, nikachanganya na kijiko kimoja cha mafuta ya nazi.

Nilimwosha kwanza kwa shampuu kidogo, kwenye ngozi tu, kwa kupapasa kwa vidole bila kufikicha nywele kama anayefua soksi. Maji vuguvugu. Nikamgawa kichwa mafungu manane na kuyabana kwa vibanio vya kuanikia nguo, akacheka mpaka akataka kujiona kwenye kioo cha pikipiki ya mjomba wake. Kugawa ni muhimu kuliko hiyo chupa. Kichwa kizima ni msitu, lakini fungu moja unalimudu.

Katika kila fungu nilipaka kondishena nyingi, kuanzia kwenye ncha nikipanda juu, nikiikamulia ndani kwa kiganja mpaka nywele ziwe na utelezi kama bamia. Kisha vidole kwanza. Kidole kina hisia, kitana hakina. Kidole kikikutana na fundo kinasimama, kinalitafuta mwisho wake, kinalichambua. Fungu likishapita vidole, ndipo nachukua chanuo la meno mapana. Naanza chini kabisa, sentimita mbili za mwisho. Zikipita, napanda kidogo. Zikipita, napanda tena. Na muda wote mkono wa kushoto umeshika nywele kwa nguvu hapo juu ya ninapochana, ili mvuto wowote uishie kwenye mkono wangu, usifike kwenye ngozi ya mtoto.

Hilo la mkono wa kushoto ndilo linaloondoa kilio. Sikuwahi kufanyiwa. Nilipolifanya kwa mara ya kwanza kwa binti yangu alinyamaza ghafla, nikadhani ameumia.

"Mbona husemi kitu?"

"Nasubiri kuuma."

Fungu likikamilika nalisokota mara mbili tatu na kulibana tena ili lisirudi kuchanganyika na wenzake. Manane yote yalinichukua zaidi ya saa moja na nusu. Alikula bakuli zima la korosho zilizovunjika, zile ambazo ghalani hazipokelewi.

Baada ya hapo ndipo stimingi yenyewe. Saluni wana mashine ya mvuke, sisi tuna kanga. Zamani ningemvalisha mfuko wa rambo, lakini tangu Juni 2019 mifuko hiyo imepigwa marufuku, na sikitiki. Nilikuwa na kofia ya plastiki ya kuogea. Nilimvalisha, nikachovya kanga kwenye maji ya moto, nikaikamua sana, nikaijaribu kwanza kwenye kifundo cha mkono wangu kama unavyojaribu uji wa mtoto, ndipo nikamzungushia. Ikipoa, nachovya tena. Dakika 20 hadi 30 zinatosha. Kuna wanaolaza mtoto na dawa kichwani usiku kucha wakidhani itaingia zaidi. Haiingii zaidi. Nywele zikikaa zimelowa muda mrefu zinachoka, na mto wenyewe unaharibika.

Wasusi hubishana kama uchane kabla ya stimingi au baada. Mimi nafanya kabla, kwa sababu kondishena inawafikia wote badala ya kubaki nje ya fundo, na nikimaliza dakika zile napitisha vidole mara moja tu, nasuuza fungu kwa fungu yakiwa bado yamebanwa. Ukiyafungua yote wakati wa kusuuza, kazi yako inarudi mwanzo.

Sasa lile fundo la kisogoni.

Lilikuwa na ukubwa wa dole gumba langu. Nililipaka mafuta, nikalipaka kondishena, nikalichokonoa kwa ncha ya kitana cha mkia, nusu saa nzima. Alinyanyua mkono mara mbili, kwa kweli, siyo kwa kujaribu. Mara ya pili machozi yalikuwa yanamtoka bila sauti. Huo unyamavu niliujua ulikotoka. Sikuwa nimemfundisha mimi, labda watoto wa kike wanauokota hewani.

Nikaacha. Nikamwambia hili limetushinda, tutalikata kidogo. Akauliza kama hiyo ina maana ameshindwa. Nikamwambia hapana, mimi ndiye niliyechelewa.

Kama mzazi mwenzangu umefika hapo, nakuomba usilikate fundo kwa kupitisha mkasi kwenye shina lake. Ingiza ncha ya mkasi katikati yake, elekeza nje kwenye ncha za nywele, ulipasue kwa urefu kama unavyopasua kuni. Linagawanyika vipande viwili, kila kipande kinakuwa chepesi, na vidole vinaweza kuanza tena. Tulilipasua mara mbili. Kilichotoka mwishoni kilikuwa donge kama punje ya kunde pamoja na nywele kadhaa nzuri zilizokwenda nalo. Nilizihuzunikia kuliko nilivyotarajia, ukizingatia kwamba wiki tatu baadaye zote zingekuwa chini.

Tulipomaliza sikumsuka kwa kuvuta. Nilimfunga mabutu makubwa manane, yaliyolegea kiasi cha kidole kupita, na usiku nikamfunga kitambaa laini kilichokatwa kwenye gauni langu la zamani la harusi ya dada. Pamba ya foronya inanyonya mafuta na kukwaruza nywele usiku kucha, na asubuhi tunashangaa mafundo yametoka wapi.

Aliondoka mbio kwenda kwa wenzake. Nilimwona kwa mbali anatikisa kichwa makusudi, mabutu yanampiga mashavuni. Wanaume waliokuwa kwenye benchi wakibishana habari za Namungo walisimama kidogo kumcheka, kisha wakaendelea.

Kuna jambo lingine nililiangalia wakati namgawa mafungu, nanyi liangalieni. Nilitafuta mapunye. Ukiona mahali pa duara nywele zimekatika zimebaki vidoti, pana magamba, panawasha au pana usaha, hiyo si kazi ya kondishena wala mafuta ya nazi. Mapunye ya kichwani yanahitaji dawa ya kumeza, kwa sababu ugonjwa umeingia kwenye mizizi ambako krimu haifiki. Mpeleke mtoto zahanati, na kitana chake asikitumie mwingine. Usimsuke juu yake ili kuyaficha, watu wanafanya hivyo.

Wiki tatu zikapita. Katikati yake baba yake alikuja kwa sikukuu, akamkuta na mabutu, akasema, "Kumbe ana nywele nyingi hivi," kana kwamba zimeota kwenye basi. Nilirudia stimingi mara moja zaidi. Safari hiyo ilichukua dakika 40 kuchana, na mkono haukunyanyuka.

Januari ilipofika nilimpeleka mwenyewe kwa kinyozi. Sina ugomvi na sheria ya nywele fupi. Mwalimu ana watoto wengi, asubuhi ni fupi, na si kila nyumba ina mtu wa kukaa saa mbili chini ya mwembe. Siku moja ningependa tulizungumze hilo kama wazazi, kwa utulivu, lakini si leo. Binti yangu alikaa kwenye kiti, akashika shuka shingoni, akamuuliza kinyozi kama mashine yake ina meno mapana. Hakulia. Alipomaliza alijipapasa, akasema pana baridi.

Chanuo likabaki juu ya kabati. Nilidhani limepumzika hadi Desemba.

Jumapili moja jioni nilitoka jikoni nikamkuta mama yangu amekaa chini kwenye mkeka, jambo ambalo halifanyi tena kwa sababu ya magoti. Alikuwa amevua kitambaa. Sikumbuki ni lini mara ya mwisho niliona nywele za mama yangu, nyeupe, chache, zimejikunja kunjakunja kama pamba iliyotoka shambani. Nyuma yake amesimama mjukuu wake, kichwa kimenyolewa kinang'aa, ameshika chanuo mkono wa kulia na kishungi cha bibi yake mkono wa kushoto, amekishika juu hasa, kwa nguvu. Kando kuna kile kikombe cha kondishena iliyobaki.

"Tunaanzia chini, bibi," alikuwa anasema. "Ukiumia, nyanyua mkono."

Mama yangu akanyanyua mkono.

Mtoto akashusha chanuo, akasubiri. "Inauma?"

"Hapana," mama yangu akasema. "Najaribu tu."